Wazazi, Vijana na Kileo: Mambo Waliyojifunza Wamarekani na Watu wa Aisilandi

Somo la historia kwa watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Wewe uliyekaa na wenzako karibu na redio, na wewe unayesoma maneno haya katika karatasi baada ya kazi za mchana, nakuomba kwanza ufikiri swali moja. Mtoto wako ana umri wa miaka 16, naye yumo katika shule ya sekondari. Siku ya Jumamosi anakuja kukuomba ruhusa ya kwenda kwenye karamu nyumbani kwa mwenzake. Unajua, au unashuku, ya kuwa bia itakuwapo. Je, utamjibu nini?

Wako wazazi watakaosema, "Hatoki mtu hapa." Wako watakaosema, "Nenda, lakini ole wako ukinywa." Na wako watakaosema, "Heri wanywe hapa kwangu nikiwaona, kuliko kunywa vichakani nisikojua." Majibu haya matatu si mageni. Wazazi wa Marekani wameyajaribu yote matatu kwa muda wa zaidi ya miaka 50, na faida na hasara zake zimehesabiwa na kuandikwa. Kwa sababu hiyo leo tutatazama kwanza historia ya Marekani, kisha tutakwenda Aisilandi, kisiwa kidogo cha kaskazini ya Ulaya, halafu tutarudi kwetu tuone kuna fundisho gani.

Huenda wewe dini yako imekataza kileo kabisa, ukasema somo hili si lako. Usiifunge redio. Mtoto wako hukaa darasani na watoto wa nyumba nyingine, na karamu ninayoisema haifanyiki nyumbani kwako.

JINSI KARAMU YA VIJANA ILIVYOZALIWA

Katika jamii nyingi za ulimwengu, kwetu pia, pombe zamani ilikuwa kitu cha watu wazima. Ilipikwa kwa sherehe yenye sababu, ikanywewa hadharani, na kijana aliyekaribia chungu alionekana na watu wengi. Sisemi ya kuwa walevi hawakuwako, walikuwako. Nasema tu kwamba kijana hakuwa na mahali pake pa kunywa peke yake pamoja na vijana wenziwe.

Huko Marekani mahali hapo palizaliwa kwa mambo mawili. La kwanza ni shule. Mwaka 1900, kati ya vijana 100 wa miaka 17, waliomaliza masomo ya sekondari walikuwa kama 6 tu. Wengine walikuwa mashambani na viwandani wakifanya kazi pamoja na watu wazima. Kufika mwaka 1940, waliomaliza walikuwa kama 50 katika kila 100. Hilo lilikuwa jambo jema sana kwa elimu. Lakini maana yake ni kwamba, kwa mara ya kwanza, mamilioni ya vijana walikaa miaka minne pamoja na watu wa rika lao, mbali na wazee, wakiwa na michezo yao, dansi zao na desturi zao.

Jambo la pili ni motokaa. Katika majimbo mengi ya Marekani kijana hupata leseni ya kuendesha akiwa na miaka 16. Basi kijana aliyeazima motokaa ya babaye aliweza kutoka mtaani kwao na kufika mbali na macho ya majirani kwa dakika chache. Zamani kijana aliyelewa aliangukia njiani akalala. Kijana huyu wa sasa alishika usukani, na wenzake wanne wamekaa nyuma.

SHERIA ILIPOLEGEZWA

Tangu Januari 1920 mpaka Desemba 5, 1933, Katiba ya Marekani ilikataza kutengeneza na kuuza vileo nchi nzima. Marufuku hiyo ilipoondolewa, kila jimbo liliachiwa kuweka sheria yake. Majimbo mengi yaliamua kwamba mtu asiuziwe kileo mpaka afikishe miaka 21. Machache yalichagua umri mdogo zaidi. Jimbo la New York, kwa mfano, lilichagua miaka 18.

Hali ikawa hivyo kwa karibu miaka 40. Kisha ikaja vita ya Vietnam. Vijana wa miaka 18 waliandikishwa jeshini kwa lazima, wakapelekwa kupigana na kufa, na huku nyumbani hawakuruhusiwa kupiga kura. Watu wakauliza: Itakuwaje mtu awe mkubwa wa kufa, asiwe mkubwa wa kuchagua? Swali hilo lilikuwa na nguvu, na mwaka 1971 Katiba ilibadilishwa, umri wa kupiga kura ukashushwa kutoka miaka 21 mpaka 18. Hapo majimbo mengi yaliona kwamba haya yote yaende pamoja. Kati ya mwaka 1970 na 1975, majimbo 29 yalishusha umri wa kununua kileo.

Sasa angalia kilichotokea, maana hapa ndipo lilipo fundisho la kwanza. Wenye sheria walimfikiria kijana wa miaka 18 kuwa ni askari au mfanyakazi. Lakini kijana wa miaka 18 mara nyingi yuko bado shuleni, katika mwaka wa mwisho, na rafiki zake wana miaka 16 na 17. Akiweza kununua bia kwa haki, basi ameinunulia shule nzima. Mlango uliofunguliwa kwa mkubwa, mdogo wake alipitia humo humo.

Tena majimbo hayakukubaliana. Vijana wa jimbo lenye sheria kali walivuka mpaka kwa motokaa kwenda kunywa katika jimbo lenye sheria nyepesi, kisha wakarudi usiku wakiwa wamelewa. Ajali zikazidi katika barabara zile za mipakani. Katika jimbo la Michigan, lililokuwa limeshusha umri mpaka miaka 18 mwaka 1972, wananchi wenyewe walipiga kura mwaka 1978 kuurudisha mpaka 21. Uchunguzi uliofanywa chuo kikuu cha jimbo hilo ulionyesha hali ya nchi nzima: mwaka 1980, kati ya wanafunzi 100 wa mwaka wa mwisho wa sekondari, 72 walisema kwamba wamekunywa kileo katika muda wa siku 30 zilizopita.

MAMA MMOJA NA MWALIMU MMOJA

Mwezi wa Mei mwaka 1980, huko California, msichana wa miaka 13 alikuwa akitembea kando ya barabara. Aligongwa na motokaa na kufa. Mwendeshaji alikuwa mtu mzima, amelewa, na alikuwa amekwisha kukamatwa kabla ya hapo kwa makosa ya namna hiyo. Mama wa marehemu, Bibi Candy Lightner, alipoona jinsi sheria inavyolichukua jambo lile kuwa dogo, alianzisha chama cha akina mama cha kupinga ulevi barabarani. Miaka michache baadaye chama hicho kilikuwa na matawi nchi nzima, na kilikuwa kikidai pia umri wa kununua kileo uwe miaka 21 kila mahali.

Serikali Kuu ya Marekani haikuwa na mamlaka ya kuyalazimisha majimbo katika jambo hili. Basi ilitumia njia nyingine. Sheria aliyoitia sahihi Rais Ronald Reagan tarehe 17 Julai, 1984, ilisema kwamba jimbo lisilopandisha umri mpaka miaka 21 litakatwa sehemu ya fedha za barabara linazopewa na Serikali Kuu. Jimbo la South Dakota lilikwenda mahakamani, likashindwa mwaka 1987 katika Mahakama ya Juu, majaji 7 kwa 2. Jimbo la mwisho kukubali lilikuwa Wyoming, mwaka 1988.

Je, sheria hiyo ilifaa? Idara ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kwamba sheria za miaka 21 zimeokoa maisha ya watu zaidi ya 30,000 tangu mwaka 1975. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba sheria haina kazi. Lakini sheria hufunga duka. Haifungi nyumba. Bia ya karamu ilitoka katika jokofu la baba, au ilinunuliwa na kaka mkubwa, na polisi hawezi kusimama katika kila sebule. Mlango wa nyumba una mlinzi mmoja tu, naye ni mzazi.

Mwaka 1981 mwalimu mmoja, Bwana Robert Anastas, alikuwa akifundisha mpira wa magongo katika shule ya sekondari ya Wayland, jimbo la Massachusetts. Wanafunzi wake wawili walikufa katika ajali mbili mbalimbali za motokaa. Yeye na wanafunzi waliobaki walianzisha chama chao wenyewe, na wakaandika mapatano ya karatasi moja baina ya mzazi na mtoto. Mtoto aliahidi kwamba, akiwa amekunywa, au akiwa mwenye motokaa amekunywa, atapiga simu nyumbani kwa saa yo yote na po pote alipo. Mzazi aliahidi kwamba atakwenda kumchukua, au atalipa teksi, bila kumgombeza saa ile. Mazungumzo yatafanyika baadaye, wote wawili wakiwa wametulia. Na mzazi pia aliahidi kwamba yeye mwenyewe hatashika usukani akiwa amelewa.

Wazazi wengi waliikataa karatasi hiyo. Walisema, "Hii ni kumpa mtoto ruhusa ya kunywa." Tulipime neno hilo kwa haki. Baba aliyesema, "Ukinywa usirudi kwangu," amefanya nini? Amemwekea mtoto hofu. Hofu hiyo huenda ikamzuia asinywe. Lakini usiku atakaponywa, hofu ile ile ndiyo itakayomzuia asipige simu. Atapanda motokaa ya mwenzake mlevi ili afike nyumbani kwa wakati, asijulikane. Ukali wa baba umemwua mtoto aliyetaka kumlinda. Mapatano yale hayakusema kwamba kunywa ni halali. Yalisema kwamba uhai huja kwanza, na adhabu huja asubuhi.

"HERI WANYWE HAPA KWANGU"

Sasa tufike kwenye jibu la tatu, ambalo wazazi wengi wema wamelipenda. Wamarekani wengi walifikiri hivi: watoto watakunywa tu, basi wanywe nyumbani, nami nizichukue funguo za motokaa zote, walale hapa mpaka asubuhi. Hapana atakayekufa barabarani. Waliongeza na mfano wa Ufaransa na Italia, wakisema kwamba huko mtoto huonja divai mezani na kujifunza kiasi.

Katika jimbo la Virginia, mwaka 2002, mzazi alifanya hivyo hasa. Alinunua bia kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe aliyefikisha miaka 16, akakusanya funguo mlangoni. Polisi wakaja. Hapana mtoto aliyeumia, lakini mwaka 2007, baada ya kesi ndefu, mama na aliyekuwa mumewe waliingia gerezani. Watu walibishana sana juu ya hukumu hiyo, wengine wakisema ni kali kupita kiasi. Lakini wazazi wa watoto wengine walikuwa na swali lao: Nani alimpa huyu ruhusa ya kumnywesha mtoto wangu? Siku hizi majimbo na miji mingi ya Marekani ina sheria za kumshitaki au kumdai fidia mtu mzima anayewaachia vijana wa watu wanywe nyumbani kwake.

Tuiache sheria, tuulize kama mafunzo yale ya nyumbani yanafaa. Wataalamu wa Australia waliwafuata vijana 1,927 pamoja na wazazi wao kwa muda wa miaka 6, tangu watoto wakiwa na miaka kama 12 mpaka wakafika 18. Habari zao zilitolewa mwaka 2018. Walitafuta kama mtoto anayepewa kileo na mzazi wake, hata kidogo, analindwa na madhara ya baadaye. Hawakuona ulinzi wo wote. Waliopewa nyumbani walizidi kupata kileo mahali pengine pia, na walizidi kunywa kupita kiasi kuliko wale ambao hawakupewa po pote. Mzazi alidhani anafundisha kiasi. Mtoto alisikia ruhusa.

Kwa hiyo jibu la ukali mtupu limekuwa na hatari yake, na jibu la ulegevu nalo limeonekana kuwa na hatari yake. Basi mzazi afanye nini? Hapa ndipo tunapovuka bahari.

KISIWA CHA AISILANDI

Aisilandi ni nchi ndogo ya watu wasiofika 400,000. Kwa miaka mingi bia ilikuwa marufuku huko, ikaruhusiwa tena tarehe 1 Machi, 1989. Katika miaka ya 1990 na kitu, usiku wa Ijumaa, katikati ya mji mkuu wa Reykjavík kulijaa vijana wa shule waliolewa. Mwaka 1998, kati ya wanafunzi 100 wa miaka 15 na 16, 42 walikiri kwamba wamelewa katika muda wa mwezi mmoja uliopita. Kufika mwaka 2016 idadi hiyo ilikuwa 5.

Walifanyaje? Walifanya mambo mengi. Waliwauliza wanafunzi wote maswali kila mara, wakawaonyesha wazazi majibu ya shule yao wenyewe. Walitoa fedha za umma ili watoto wacheze michezo na kujifunza muziki chini ya walimu waliolipwa, maana kijana asiye na kazi jioni hutafutiwa kazi na wengine. Sheria ya hifadhi ya watoto ya mwaka 2002 ilitaja saa za kurudi nyumbani: watoto wa miaka 12 na chini yake wasiwe nje peke yao baada ya saa 2 usiku, na wa miaka 13 mpaka 16 wasiwe nje baada ya saa 4, na katika miezi ya kiangazi, ambapo jua huchelewa sana kutua, wakaongezewa saa mbili.

Lakini jambo ninalotaka ulikumbuke zaidi ni mapatano ya wazazi. Wazazi wa darasa moja walikutana shuleni, wakaandika na kutia sahihi kwamba hawatawaachia watoto kufanya karamu nyumbani pasipo mtu mzima. Kwamba hawatamnunulia kileo mtoto ye yote. Na kwamba kila mmoja atawatazama watoto wa wenzake kama wake. Kisha, usiku wa mwisho wa juma, wazazi walitembea mitaani kwa zamu, makundi makundi. Hawakushika fimbo. Walionekana tu, wakasalimia, na mtoto waliyemkuta wakamwambia aende nyumbani.

Unaona tofauti na Marekani? Mmarekani aliweka mapatano baina yake na mtoto wake. Watu wa Aisilandi waliongeza mapatano baina ya mzazi na mzazi. Na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu silaha ya kijana ni maneno haya: "Wenzangu wote wameruhusiwa, ni mimi tu." Mzazi aliye peke yake hana jibu. Hawajui wazazi wa hao wenzake, naye anaogopa kumfanya mwanawe achekwe. Lakini mzazi aliyekaa na wenzake juzi, wakakubaliana, anajua kwamba maneno hayo si kweli. Katazo likiwa la wote, mtoto hana aibu ya kulifuata. Wazee wetu walikwisha kulisema zamani: mkono mmoja haulei mwana.

KWETU TUFANYE NINI

Msikilizaji, usiseme haya ni mambo ya watu wenye motokaa. Kwetu kijana amelewa na pikipiki, na nyumba za kupanga karibu na shule hazina mzee ndani. Unakumbuka pombe kali zilizotiwa katika mifuko midogo ya plastiki, zilizoitwa viroba. Zilikuwa za bei ndogo, na mwanafunzi aliweza kuficha kimoja ndani ya soksi. Tanzania ilivipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi, 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Kenya ilikuwa imetunga sheria yake ya kusimamia vileo mwaka 2010, nayo inakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Hatua hizo ni njema, kama sheria ya Marekani ya mwaka 1984 ilivyokuwa njema. Zimefunga duka. Nyumba imebaki mikononi mwetu.

Basi historia hii inatufundisha mambo manne, na hayahitaji fedha.

Kwanza, usimpe mtoto kileo kwa kudhani unamfundisha, na usimpe mtoto wa mwenzio kamwe.

Pili, mwambie mtoto wako waziwazi kwamba hutaki anywe, na umweleze sababu. Kisha mwambie neno la pili, kwa sauti ile ile: "Ukipatwa na hatari, niite, nitakuja. Tutasemezana kesho." Ukiahidi, timiza. Ukienda kumchukua ukampiga mlangoni mbele ya wenzake, hatakuita tena, wala wenzake hawatawaita baba zao.

Tatu, anapoomba ruhusa, uliza nyumba ni ya nani, mzee gani atakuwapo, na atarudi saa ngapi na nani. Kisha mpigie simu mwenye nyumba mwenyewe. Haya si matukano. Mwenye nyumba akiudhika kwa kuulizwa, umekwisha kupata jibu lako.

Nne, na hili ndilo kubwa, usilichukue jambo hili peke yako. Mkutano wa wazazi shuleni tumezoea kuufanya kwa habari ya madawati na michango. Ombeni saa moja katika mkutano ujao mzungumze juu ya karamu, mahafali na safari za shule, mkubaliane kanuni tatu au nne, na kila mzazi aondoke na namba za simu za wenzake.

Wala tusisahau sharti la mwisho katika karatasi ya Bwana Anastas, ambalo watu wengi hulipita mbio: mzazi naye alitia sahihi. Baba anayerudi nyumbani usiku juu ya pikipiki, harufu ya bia ikimtangulia, amekwisha kutoa somo lake, na hakuna redio itakayolifuta.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kushusha umri wa kununua kileo mpaka miaka 18 huko Marekani kuliwagusa pia watoto wa miaka 16?

2. Wako wanaosema kwamba mapatano ya Wayland ni ruhusa ya kunywa. Ninyi mwaonaje? Kila mtu atoe sababu.

3. Katika kijiji au mtaa wenu vijana hunywa wapi, na nani huwauzia au kuwapa?

4. Andikeni kanuni tatu ambazo wazazi wote wa kikundi hiki wanaweza kuzitia sahihi usiku huu.